Kutoka Geita hadi Kilima cha Bugando: Historia ya Huduma za Wanawake Katika Ukanda wa Dhahabu

Mjamzito wa Geita akizidiwa, na hospitali ya karibu ikafika mwisho wa uwezo wake, jina lililotajwa kwa zaidi ya miaka 50 ni Bugando. Hospitali hiyo iko Mwanza mjini, juu ya kilima kilichoipa jina, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Kuifikia kulimaanisha ndugu kuchangishana nauli, kutafuta gari, kupita barabara ya vumbi na kusubiri kivuko cha Busisi. Wako waliofika wakiwa wazima, na wako walioishia njiani.

Historia ya afya ya wanawake katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga, inaeleweka vizuri ikitazamwa kupitia safari hiyo. Kwa miongo ya kwanza mwanamke ndiye aliyetakiwa kupanda kilima. Baadaye hospitali ilipopata chuo kikuu, ujuzi wake ulianza kuteremka kumfuata: kwa madaktari na wauguzi waliohitimu, kwa watafiti walioingia kliniki za machimboni, kwa dereva wa kijijini aliyepigiwa simu usiku wa manane. Makala hii inafuata mwendo huo, maana humo ndimo yamo maelezo ya kwa nini akina mama walikuwa wakifa na kwa nini sasa wengi wanapona.

Machimbo kabla ya leba: 1898–1970

Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898. Uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930 chini ya Waingereza, na hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966 ulikuwa umejulikana kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Upande wa Shinyanga, almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Tiba ya migodini enzi hizo ilikuwa na lengo moja, kumrudisha mfanyakazi kazini, na mfanyakazi huyo alikuwa mwanamume. Mke wake alijifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, kama mama yake na bibi yake walivyofanya.

Wakunga hao walikuwa na ujuzi wao, na watoto wengi walizaliwa salama. Lakini yapo mambo yaliyowashinda, kwa kuwa hayatibiki bila damu, dawa na kisu cha daktari: mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama kwenye nyonga. Hayo yakitokea kijijini, familia ilihesabu saa.

Msaada wa karibu ulitoka misheni. Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikuwa na hospitali ya wamisionari wa Africa Inland Mission tangu mapema karne ya 20. Sengerema, njiani kati ya Geita na Mwanza, ikapata hospitali ya Kanisa Katoliki mwaka 1959 kwa mkono wa wamisionari wa Uholanzi. Hospitali hizi ziliokoa wengi, lakini zilikuwa chache na eneo lilikuwa pana mno.

Uhuru ulikuta nchi ikiwa na madaktari wachache sana. Jibu la serikali, kuanzia miaka ya 1960, lilikuwa kuwasomesha madaktari wasaidizi: matabibu wenye uzoefu waliongezewa mafunzo hadi wakaweza kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Uamuzi huo haukushangiliwa sana wakati wake, lakini kwa miongo mingi iliyofuata mama wa wilayani aliyehitaji upasuaji alipasuliwa na daktari msaidizi. Pasipo wao, hospitali za wilaya zingebaki majengo ya kulaza wagonjwa tu.

Hospitali juu ya kilima: 1971–1985

Maaskofu Wakatoliki wa Tanzania walikuwa na ndoto ya hospitali kubwa kwa watu wa Ziwa Viktoria, na kwa msaada mkubwa kutoka Ujerumani ndoto hiyo ikasimama juu ya kilima cha Bugando. Mwalimu Julius Nyerere aliifungua mwaka 1971. Lilikuwa jengo refu linaloonekana kutoka mbali, na lilijengwa kwa matumaini kwamba siku moja litakuwa pia mahali pa kufundishia madaktari.

Mwaka uliofuata serikali iliitwaa. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitano, na huduma za jamii zilikuwa zikiwekwa chini ya dola. Bugando ikawa hospitali ya rufaa ya kanda nzima, ikipokea wagonjwa wa Mwanza, Shinyanga, Mara na Kagera, na wengine kutoka Tabora na Kigoma. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza.

Wakati huohuo mabadiliko mengine yalikuwa yakiendelea bondeni. Vijiji vilijengewa zahanati, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zilianzishwa huduma za afya ya mama na mtoto pamoja na mafunzo ya wahudumu wake. Kwenda kliniki kukawa desturi. Mjamzito alipimwa, alichomwa sindano ya pepopunda, mtoto alipimwa uzito kwenye mizani iliyoning'inizwa, na kadi ya kliniki ilihifadhiwa sandukuni pamoja na vitu vya thamani. Mafanikio haya ni ya kweli na yameishi hadi leo.

Lakini kulikuwa na pengo ambalo lingegharimu maisha kwa miaka 40 zaidi. Mama alizoea kwenda kliniki akiwa na mimba, kisha siku ya uchungu akabaki nyumbani. Zahanati nyingi hazikuwa na taa, kitanda cha kujifungulia wala mtumishi wa usiku. Kliniki iliweza kumwambia mama kwamba mimba yake ni ya hatari na ikamwandikia rufaa, lakini nauli hakuipata, na rufaa ikabaki karatasi.

Kisha nyakati zikawa ngumu. Vita vya Kagera vya 1978–79 na mdororo wa uchumi vilikausha hazina. Katika hospitali nyingi za umma dawa, glavu na nyuzi za kushonea vikawa adimu. Mwaka 1985 serikali na Kanisa walikubaliana Bugando irudi mikononi mwa Kanisa, ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya umma yenye watumishi wanaolipwa na serikali. Ubia huo ndio uliokuja kuwezesha chuo kikuu, kwa sababu uliiacha hospitali ikiwa na milango miwili: mmoja wa serikali, mwingine wa marafiki wa Kanisa duniani.

Vifo vyaanza kuhesabiwa: 1987–2002

Februari 1987 wajumbe kutoka nchi mbalimbali walikutana Nairobi kuzungumzia uzazi salama. Takwimu iliyowekwa mezani ilikuwa nzito: wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, karibu wote katika nchi maskini. Hadi hapo kifo cha mzazi kilichukuliwa kuwa msiba wa familia. Kuanzia hapo kikawa jambo la kuhesabiwa na kuulizwa.

Aliyeonyesha mapema kwamba kuuliza kunaokoa alikuwa jirani wa kanda hiihii. Dkt. Godfrey Mbaruku, katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, alichunguza kila kifo cha mzazi, kisha yeye na wenzake wakaanza kurekebisha yaliyo ndani ya uwezo wao: chumba cha upasuaji, vifaa, upatikanaji wa damu, mafunzo na ari ya watumishi. Kati ya 1984 na 1991 vifo hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakukuwa na fedha nyingi kutoka nje. Kigoma ilithibitisha kwamba hospitali ya kawaida, ikijichunguza kwa uaminifu, inaweza kubadilika.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliyapanga mambo haya kwa namna inayofundishwa hadi leo katika vyuo vya ukunga. Mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kwa mama wa Geita aina zote tatu za kuchelewa zilikuwa zikimsubiri. Uamuzi ulikuwa wa mume au mama mkwe. Safari ilikuwa na ghuba katikati. Na leba ya hospitali ilikuwa na nesi mmoja kwa wazazi wengi.

Bugando yenyewe ilikuwa ikipokea matokeo ya ucheleweshaji huo kwa sura ya fistula. Msichana mwenye mimba ya kwanza anakaa na uchungu siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kinabana kibofu mpaka nyama inakufa, mtoto anazaliwa amekufa, na mama anabaki akivuja mkojo bila kujizuia. Wengi waliachwa na waume zao, na wengine waliishi hivyo miaka mingi wakidhani wamerogwa. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Bugando, wakishirikiana na Maggie Bangser, ambaye baadaye aliasisi Women's Dignity Project, waliendesha mradi uliounganisha upasuaji na utu: kumtafuta mgonjwa alipo, kumtibu, na kuuliza kwa nini alichelewa. Mwaka 1999 walichapisha uzoefu wao. Wanawake wenye fistula walikuwa ushahidi hai wa njia isiyopitika.

Ukimwi ulikuwa tayari umefika. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya mpaka wa Geita ya wakati huo. Mkoa wa Mwanza ukawa mahali pa utafiti uliosomwa dunia nzima: kati ya 1991 na 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la AMREF na wataalamu wa London walionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2000 Bugando ilikuwa miongoni mwa hospitali tano zilizochaguliwa kujaribu huduma ya kuzuia mama asimwambukize mtoto. Kutoka hospitali hizo tano huduma hiyo ilikuja kuenea hadi zahanati, na leo kila mjamzito anayeanza kliniki hupimwa.

Chuo chazaliwa: 2003–2011

Tanzania iliingia karne mpya ikiwa na watu zaidi ya milioni 34 na, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2002, madaktari 822. Wengi wao walikuwa Dar es Salaam. Kanda ya Ziwa, yenye watu wengi kuliko kanda nyingine, haikuwa na chuo chake cha udaktari.

Mwaka 2003 Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Bugando, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilipokea kundi lake la kwanza la wanafunzi wa udaktari. Lilikuwa kundi dogo, na walimu walikuwa wachache. Nyuma yake alikuwapo Padre Peter Le Jacq wa shirika la Maryknoll, daktari aliyehitimu Weill Cornell, chuo cha tiba cha New York, na aliyefanya kazi Bugando. Kupitia kwake Weill Cornell ikaanza kuleta walimu, na wafadhili Joan na Sanford Weill wakachangia kiasi kwamba kwa muda chuo kilibeba jina lao. Mwaka 2004 ilianzishwa huko New York asasi ya Touch Foundation, ikiwa na kusudi mahsusi la kuisaidia Bugando kusomesha wataalamu. Baadaye chuo kikasimama chenyewe kikiwa Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, maarufu kwa kifupisho CUHAS.

Chuo kilibadilisha mambo mawili kwa mwanamke wa Geita. La kwanza ni idadi ya mikono. Kila mwaka walitoka madaktari, na pamoja nao wauguzi, wataalamu wa maabara na wafamasia waliosomea kandani na kuijua lugha ya wagonjwa wao. Daktari aliyefanyia mazoezi kwenye leba ya Bugando, akapangiwa hospitali ya wilaya, alikwenda akiwa ameshaona kifafa cha mimba mara nyingi na anajua kwamba magnesiamu salfeti haisubiri kesho. Kisha yakaja masomo ya ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, hata bingwa akaweza kupatikana bila kupelekwa hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

La pili ni tabia ya kuuliza. Hospitali isiyo na chuo hutibu na kufunga faili. Yenye chuo hulazimika kueleza kwa mwanafunzi kwa nini mgonjwa huyu yuko hapa, na swali hilo humrudisha mtafiti kijijini. Mfano mzuri ni kichocho. Watafiti wa Bugando na Weill Cornell, wakiwa na Dkt. Jennifer Downs, walipima mamia ya wanawake wa vijijini karibu na Ziwa Viktoria na mwaka 2011 wakatoa matokeo: wenye kichocho cha njia ya mkojo na uzazi walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne zaidi wa kuwa na VVU. Mayai ya kichocho hukwama kwenye mlango wa kizazi, yanaleta vidonda na damu, na mara nyingi mwanamke hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Wangapi walipewa dawa isiyo yao na kushukiwa na waume zao, ilhali tatizo lilitoka kwenye bwawa walilochota maji?

Dhahabu yarudi, na zebaki yake: 2000–2019

Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya, na mwaka uliofuata Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukaanza uzalishaji. Kando ya migodi hiyo mikubwa walimiminika wachimbaji wadogo. Habari ya rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji penye dhahabu mpya, ikivuma, kijiji cha kaya chache hugeuka mji kwa majuma machache: maduara (mashimo ya kuchimbia), karasha (mashine za kusaga mawe), gesti, mama lishe, na zahanati ileile iliyojengwa kwa ajili ya watu wachache. Wanawake hawakubaki pembeni. Huponda mawe, huosha mchanga kwenye mialo, huchekecha marudio (mabaki ya mchanga uliokwishaoshwa), na wengi hufanya hivyo wakiwa wajawazito au wamebeba watoto mgongoni.

Machi 2012 Geita ikawa mkoa, ikikusanya wilaya kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530. Miaka 10 baadaye walikuwa 2,977,608. Hakuna mpango wa afya uliokuwa umejiandaa kwa ongezeko la namna hiyo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipitia leba.

Swali ambalo halikuwa na jibu lilikuwa hili: kazi ya machimboni inamfanya nini mama mwenye mimba? Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili ipae, mara nyingi jikoni au uani. Miamba ya dhahabu nayo huwa na aseniki inayoingia kwenye maji. Kati ya 2015 na 2017 watafiti wa CUHAS wakiongozwa na Elias Nyanza, pamoja na Chuo Kikuu cha Calgary cha Canada, waliandikisha wajawazito zaidi ya 1,000 kupitia kliniki za maeneo ya uchimbaji na ya nje ya uchimbaji, wakachukua damu na mkojo, wakawafuatilia hadi kujifungua na watoto wao baada ya hapo.

Matokeo yaliyotangazwa kuanzia 2019 yalikuwa wazi. Wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo walikuwa na zebaki nyingi zaidi katika damu kuliko wenzao wa maeneo mengine, na aseniki yao nayo ilikuwa juu zaidi. Ripoti zilizofuata zilihusisha sumu hizi na matatizo ya uzazi na ukuaji wa watoto. Mwanamke hakuhitaji kushika zebaki kwa mikono yake. Ilitosha kuishi jirani na anayeichoma. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaokusudia kupunguza matumizi ya zebaki. Kuandika mkataba ni rahisi kuliko kumpa mchimbaji njia nyingine ya kukamata dhahabu, lakini leo afisa wa afya wa Geita anapozungumzia zebaki kliniki anazo namba za akina mama wa mkoani kwake.

Dereva, simu na ghuba: 2013–2022

Ujuzi uliposhuka bondeni, kuchelewa njiani kulibaki. Serikali ilikuwa imeanza kulishughulikia tatizo hilo kwa ujenzi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007–2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Baada ya 2015 mamia ya vituo vya afya nchini yaliongezewa vyumba vya upasuaji, na upasuaji wa kumtoa mtoto ukaanza kufanyika kwenye ngazi ambayo zamani haikuwa na uwezo huo.

Wilayani Misungwi, upande wa pili wa ghuba, CUHAS ilifanya jambo la aina nyingine. Kuanzia 2016 mradi wa Mama na Mtoto, ukiongozwa na Dkt. Dismas Matovelo na wenzake wa Calgary, ulifuata njia iliyokwishajaribiwa na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda. Wanavijiji walichagua wahudumu wa afya ya jamii kutoka miongoni mwao, nao wakafundishwa kutembelea nyumba zenye wajawazito, kutambua dalili za hatari na kuzungumza na wanaokata shauri, yaani waume na wakwe. Ucheleweshaji wa kwanza ulianza kushughulikiwa mahali unapozaliwa, barazani kwa mume.

Ule wa pili ulipata dawa Sengerema. Touch Foundation, ambayo ilianza kwa kusomesha madaktari wa Bugando, ilitambua kwamba daktari hamsaidii mama asiyemfikia. Ikishirikiana na Vodafone Foundation, ilijaribu wilayani humo mfumo uliokuja kuitwa m-mama. Mtumishi wa zahanati au familia hupiga namba 115 bila malipo. Aliye kwenye kituo cha mawasiliano huuliza dalili kwa mpangilio maalumu na kuamua hospitali gani inafaa. Gari la wagonjwa likiwapo, hutumwa. Lisipokuwapo, huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake, naye hulipwa kwa M-Pesa akimfikisha mama.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba ulitumia kilichokuwapo. Magari yalikuwapo vijijini, simu zilikuwapo, M-Pesa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha na fedha ya kumhakikishia dereva kwamba hatachoma mafuta bure. Kutoka Sengerema mfumo ulipelekwa Mkoa wa Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua upanuzi wake kwa nchi nzima.

Saratani yapata mlango: 2010–2024

Kwa muda mrefu afya ya mwanamke ilimaanisha uzazi peke yake. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, iliua kimya. Mwanamke wa Geita aliyetoka damu bila mpangilio alihangaika zahanati na kwa waganga, na alipofika Bugando mara nyingi uvimbe ulikuwa umeshaenea. Tiba ya mionzi ilikuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Aliyekwenda aliacha shamba na watoto kwa majuma kadhaa, na wengi hawakwenda.

Mwanza ilitoa mchango mapema. Mwaka 2010 shule za mkoa huo zilitumika kwenye jaribio la kutafuta njia bora ya kuwafikia wasichana kwa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na ikaonekana kwamba chanjo shuleni inawezekana. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kutumia siki, unaotaka taa, siki na nesi aliyefundishwa, uliingia vituo vya afya. Na Bugando ikajenga idara yake ya saratani hadi ikaanza kutoa mionzi mwishoni mwa miaka ya 2010. Safari ya Dar es Salaam ikawa safari ya Mwanza.

Hesabu na daraja: 2022–2025

Takwimu za taifa zinaonyesha jinsi njia ilivyokuwa ndefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 1996 ulikadiria vifo vya wazazi 529 kwa vizazi hai 100,000. Makadirio ya 2004–05 yalikuwa 578, ya 2010 yalikuwa 454, na ya 2015–16 yakapanda tena hadi 556. Miaka 20 ya juhudi, na mstari haukushuka. Kisha utafiti wa 2022 ukatoa 104. Makadirio ya aina hii huwa na upana wake, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja na mwingine isomwe kwa uangalifu, lakini yapo mengine yanayolingana nayo: waliojifungulia kituo cha afya walikuwa asilimia 47 mwaka 2004–05, wakafika asilimia 81 mwaka 2022.

Kwa nini matokeo yalichelewa hivyo? Historia hii inatoa jibu. Kila hatua peke yake iligonga ukuta wa nyingine. Kliniki za miaka ya 1970 zilitambua hatari lakini hazikuwa na gari. Bugando ilikuwa na mabingwa lakini mama hakufika. Chumba cha upasuaji cha kata hakikuwa na wa kupasua mpaka chuo kiliposomesha wa kutosha. Mtumishi, jengo, damu, gari na uamuzi wa familia vilipaswa kukutana usiku mmoja kwa mama mmoja, na vilianza kukutana baada tu ya kila kimoja kufika karibu na anakoishi.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamefupisha safari zaidi. Chato, mkoani Geita, ilipata hospitali ya rufaa ya kanda iliyoanza huduma mwaka 2021, na Geita yenyewe ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Na tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Mahali gari la wagonjwa liliposubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa nzima au zaidi, sasa linavuka kwa dakika chache.

Yaliyobaki yanajulikana. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya msichana mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshazaa au ana mimba, na wasichana hao ndio walio karibu zaidi na fistula na kifafa cha mimba. Zebaki bado inachomwa. Na mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha ghafla misaada yake mingi ya afya, ikitukumbusha kwamba huduma inayotegemea bajeti ya bunge la ng'ambo inaweza kuzimika kwa siku moja.

Hapo ndipo thamani ya chuo inapoonekana. Mradi huisha, mfadhili huondoka, gari huchakaa. Daktari, mkunga na mtafiti waliosomeshwa Bugando wanaendelea kufanya kazi, na wao husomesha wengine. Mkoa unaotoa dhahabu nyingi kuliko wote nchini una uwezo wa kugharimia masomo ya wakunga na mabingwa wake, na sheria inayoitaka migodi kuchangia jamii inatoa pa kuanzia. Halmashauri zinazojenga majengo kwa michango hiyo ya migodi zitenge fungu la kumsomesha atakayefanya kazi ndani yake. Historia ya miaka 50 imeshaonyesha kwamba jengo bila mtu haliokoi mama, na kwamba mtu aliyesomeshwa vizuri na kupangiwa karibu na mama huokoa hata penye jengo dogo.